Jinsi ya Kuandaa Maadhimisho ya Willa Cather Katika Jamii Yako: Hatua kwa Hatua

Ikiwa unaishi Nebraska au katika jimbo jirani, na maktaba ya mtaa, kanisa au kikundi chako cha usomaji kimekukabidhi kazi ya kuandaa maadhimisho ya mwandishi Willa Cather, mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Maswali ya wanaoanza ni yale yale: tusome kitabu gani, tufanye mwezi gani, je, tunahitaji ruhusa ya kusoma kazi zake hadharani, na watu wetu, ambao wengi wamefika Marekani kutoka Kongo, Burundi, Kenya au Tanzania, watapata nini kwa mwandishi aliyefariki mwaka 1947? Nimeyapanga majibu kwa kufuata mtiririko wa kazi yenyewe.

Kwa ufupi, Cather alizaliwa Virginia tarehe 7 Desemba 1873, akahamia Nebraska na wazazi wake mwaka 1883 akiwa na umri wa miaka tisa, na baada ya muda mfupi shambani familia ikaingia katika mji mdogo wa Red Cloud. Majirani zake walikuwa Wacheki, Waswidi, Wanorwei na Wajerumani waliofika prairi, yaani nyika pana ya nyasi isiyo na miti, wengi wao wakiwa hawajui Kiingereza. Hao ndio aliowaandika. Alihitimu Chuo Kikuu cha Nebraska mwaka 1895, akafanya kazi ya uhariri na ualimu Pittsburgh, kisha akahamia New York, na mwaka 1923 akapata Tuzo ya Pulitzer kwa riwaya ya One of Ours.

Msimamo wangu, ambao hatua zote zinaufuata, ni kwamba mwandishi huadhimishwa kwa kusomwa. Mapambo ya magurudumu ya mikokoteni na keki yenye picha yake vinaweza kuwapo au kukosekana, lakini hafla ambayo hakuna ukurasa wake hata mmoja uliosomwa kwa sauti haikumhusu yeye.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Muda wa wiki nane hadi kumi. Chini ya hapo wasomaji hawatamaliza kitabu, na maktaba nyingi zitakuwa zimekwisha kugawa vyumba vyake.
- Watu watatu wanaoaminika: mratibu, msimamizi wa usomaji, na mtu wa vifaa na chakula. Mtu mmoja akibeba yote matatu, usomaji ndio utakaopuuzwa.
- Nakala za kitabu. Mwombe mkutubi akukusanyie nakala kutoka maktaba nyingine za jimbo. Nakala za bure za kielektroniki zinapatikana kwenye tovuti ya Project Gutenberg, na Chuo Kikuu cha Nebraska–Lincoln kina hifadhi kubwa ya mtandaoni ya maandishi yake, iitwayo Willa Cather Archive.
- Chumba chenye viti vinavyoweza kusogezwa, kipaza sauti kimoja kinachofanya kazi na meza ya chakula. Vyumba vya mikutano vya maktaba za umma mara nyingi hutolewa bure kwa vikundi vya jamii.
- Bajeti ndogo ya kuchapa nakala, kununua vitafunio na mafuta ya gari. Ikiwa unataka zaidi ya hapo, uliza baraza la elimu ya utu la jimbo lako. Kwa Nebraska ni Humanities Nebraska, ambalo hutoa ruzuku kwa shughuli za namna hii. Maombi yana tarehe za mwisho, kwa hiyo ulizia mapema sana.

Hatua ya 1: Chagua kitabu kimoja tu

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kutaka kumaliza kazi zake zote katika alasiri moja. Chagua kimoja. Kwa kikundi cha wahamiaji ninapendekeza My Ántonia, riwaya ya mwaka 1918, ambayo inasimulia habari za binti Mcheki, Ántonia Shimerda, anayefika Nebraska na wazazi wake, anafanya kazi za shamba kama mwanamume baada ya baba yake kufariki, anakwenda mjini kufanya kazi za ndani, na hatimaye anakuwa mama wa watoto wengi katika shamba lake mwenyewe. Nyuma ya mhusika huyu alikuwapo mwanamke halisi, Anna Sadilek Pavelka, ambaye Cather alimfahamu tangu utotoni. Riwaya hii ndiyo iliyochaguliwa mwaka 2005 kuwa kitabu cha kwanza cha mpango wa One Book One Nebraska, ambamo jimbo zima hualikwa kusoma kitabu kimoja.

Ikiwa kikundi chako hakiwezi kumaliza riwaya, chukua hadithi fupi A Wagner Matinee ya mwaka 1904. Shangazi aliyedhoofishwa na miaka mingi ya shamba la Nebraska anafika Boston, na mpwa wake anampeleka kusikiliza muziki ambao aliuacha ujanani. Inasomeka yote kwa kikao kimoja, na sijui hadithi nyingine ya Cather inayowanyamazisha watu kwa haraka namna hiyo.

Hatua ya 2: Hakikisha suala la hakimiliki

Kazi zilizochapishwa kabla ya mwaka 1930 haki zake zimekwisha nchini Marekani. Kwa hiyo O Pioneers! (1913), The Song of the Lark (1915), My Ántonia, One of Ours (1922) na Death Comes for the Archbishop (1927) unaweza kuzisoma hadharani, kuchapa kurasa zake na kuzitafsiri kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa. Riwaya za baadaye kama Lucy Gayheart (1935) na Sapphira and the Slave Girl (1940) bado zinalindwa.

Tahadhari: uhuru huo unahusu maandishi ya Cather mwenyewe. Utangulizi wa mhariri wa kisasa, picha za jalada na sauti iliyorekodiwa na msomaji maarufu vina wenyewe.

Hatua ya 3: Panga tarehe kwa kuangalia hali ya hewa

Wengi hukimbilia tarehe 7 Desemba, siku yake ya kuzaliwa. Tarehe hiyo ina heshima yake, lakini ni majira ya baridi ya Nebraska, na dhoruba moja ya theluji inaweza kufunga barabara na kuvunja shughuli yote. Itumie kwa kikao kidogo cha ndani, chenye chai na ukurasa mmoja wa Krismasi ya familia ya Burden, yaani ya Jim, msimulizi wa My Ántonia. Kwa hafla kubwa, Septemba ni mwezi mzuri zaidi, kwa sababu nyasi zinazotajwa kitabuni huanza kubadilika rangi kuwa nyekundu ya shaba, na msomaji anaelewa kwa macho yake mwandishi alikuwa anaona nini.

Tahadhari: kwenye bango la Kiswahili usiandike “saa 8” peke yake. Nusu ya wageni watafika saa mbili asubuhi au usiku kwa hesabu yetu, na nusu nyingine saa nane mchana. Andika “saa nane mchana (2:00 PM)”.

Hatua ya 4: Chagua vifungu vya kusomwa

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako mwingi kuliko zote. Kwa hafla ya saa mbili unahitaji vifungu vinne, kila kimoja cha dakika sita hadi kumi, na kila kimoja kiweze kusimama chenyewe kwa mtu ambaye hajasoma kitabu. Msomaji wa Kiingereza asiyekimbia hutumia dakika kumi hivi kwa maneno elfu moja na mia tano. Pima kwa saa, usikadirie kwa wingi wa kurasa.

Kwa My Ántonia, ninapendekeza mpangilio ufuatao.

Anza na uyoga, katika sura ya kumi ya sehemu ya kwanza. Bibi ya msimulizi, Jim, amewapelekea akina Shimerda chakula wakati wa baridi kali, akawakuta katika dhiki ndani ya nyumba yao iliyochimbwa ardhini. Mama Shimerda, asiyetaka kupokea bila kutoa, anafungua mfuko wa kitambaa na kumpa bibi kipimo cha vitu vikavu vya rangi ya kahawia vyenye harufu ya udongo. Kwake ni hazina iliyovuka bahari. Bibi hajui ni nini na anaviogopa, kwa hiyo akifika nyumbani anavitupa motoni. Jim peke yake anamega kipande, anakionja, na hasahau ladha yake. Miaka mingi baadaye ndipo anapojua kwamba ulikuwa uyoga uliokaushwa, uliochumwa katika msitu wa Bohemia, nchi ya Wacheki. Mama yeyote aliyewahi kubeba dagaa au makayabu katika sanduku la safari, kisha jirani Mmarekani akaziba pua kwenye ngazi, hahitaji kuelezwa kifungu hiki kinahusu nini. Ndiyo maana kinatangulia: kinafungua midomo ya watu.

Cha pili kiwe plau na jua, mwishoni mwa sura ya kumi na nne ya sehemu ya pili. Vijana wamekaa juu ya kilima, jua linazama, na plau iliyoachwa shambani inaonekana yote ndani ya duara jekundu la jua, kubwa kupita kiasi. Kisha jua linashuka na plau inarudia udogo wake. Ni kifungu kifupi, hivyo msomaji asome polepole na kikirudiwa mara ya pili hakuna atakayelalamika.

Cha tatu kitoke katika sura zinazowahusu wasichana wa kigeni wanaofanya kazi za ndani mjini, ambao mishahara yao inalipa madeni ya mashamba ya wazazi. Chagua aya zinazowafaa watu wako.

Malizia na pango la kuhifadhia matunda, katika sehemu ya tano. Watoto wa Ántonia wanamwonyesha Jim mapipa na mitungi yao chini ya ardhi, kisha wote wanapanda ngazi mbio na kumwagika nje kutoka gizani hadi kwenye mwanga wa jua. Mpe msomaji mwenye pumzi nzuri, kwa sababu sentensi zinakimbia pamoja na watoto.

Tahadhari: usigeuze vifungu kuwa mchezo wa kuigiza kwa haraka. Cather hakuridhika na filamu ya mwaka 1934 iliyotokana na riwaya yake A Lost Lady, na katika wosia wake alikataza kazi zake zifanywe maigizo. Sheria haikubani tena kwa vitabu vya zamani, lakini usomaji wa kawaida, wenye sauti moja iliyotulia, unamfaa zaidi.

Hatua ya 5: Andaa wasomaji na tafsiri

Tafuta wasomaji wanne wa umri tofauti, akiwemo kijana mmoja wa sekondari. Kila msomaji asome kifungu chake kwa sauti angalau mara tatu kabla ya siku yenyewe, na mara ya mwisho iwe ndani ya chumba kitakachotumika. Jina Ántonia lina mkazo mwanzoni, kwenye “An”, kama Cather mwenyewe alivyoelekeza. Lifanyieni mazoezi, maana mkazo wetu wa Kiswahili utalivuta kuelekea silabi ya pili kutoka mwisho.

Kisha tafsirini kifungu kimoja kwa Kiswahili, kimoja tu, na kisomwe mara baada ya asili yake. Wagawieni kazi watu wawili, mmoja aliyekulia Kongo na mwingine aliyekulia Tanzania au Kenya, wakubaliane. Kwa uyoga mjadala utakuwa mfupi. Kwa plau na nyasi watahitaji jioni nzima, na jioni hiyo nayo ni sehemu ya maadhimisho.

Hatua ya 6: Tayarisha mazungumzo, pamoja na mambo magumu

Andika maswali matano yanayoanzia kwenye ukurasa. “Kwa nini Mama Shimerda alitoa kitu cha thamani wakati ambapo watoto wake wana njaa?” ni swali zuri. “Kitabu hiki kinatufundisha nini?” litakuletea hotuba.

Mambo matatu yaandaliwe kwa uangalifu.

La kwanza ni kujiua kwa baba Shimerda, ambaye alizongwa na upweke na kuikumbuka nchi yake. Katika chumba cha wakimbizi wapo watu waliofiwa kwa namna hiyo. Msimamizi aseme mapema kwamba jambo hili litatajwa, na kwenye karatasi ya ratiba iandikwe namba 988, ambayo nchini Marekani hupigwa au kutumiwa ujumbe na mtu mwenye mawazo ya kujidhuru.

La pili ni sura ya saba ya sehemu ya pili, ambamo mpiga piano Mweusi, Blind d'Arnault, anaelezwa kwa lugha ya dharau ya zama zile. Usiisome hadharani bila maandalizi, lakini usijifanye haipo. Mtu akiuliza, jibu kwamba mwandishi aliyewaona Wacheki kwa upole mkubwa namna hiyo alishindwa kumwona mtu huyu kwa jicho lile lile, na mruhusu kila mmoja aseme anavyolipokea.

La tatu ni wenyeji wa asili. Bonde la Mto Republican, uliko mji wa Red Cloud, lilikuwa nchi ya Wapawnee, ambao katika miaka ya 1870 walihamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma, miaka michache tu kabla ya familia ya Cather kufika. Riwaya karibu haiwataji. Sentensi mbili za msimamizi mwanzoni zitaweka jambo hili mahali pake.

Hatua ya 7: Chakula na muziki

Wacheki wa kitabuni wanakula kolache, maandazi laini yenye matunda katikati, ambayo hupatikana katika baadhi ya maduka ya mikate ya Nebraska. Weka kolache upande mmoja wa meza na mandazi au vitumbua upande wa pili. Muziki uwe wa fidla au kodiani, baada ya usomaji na si wakati wake.

Hatua ya 8: Safari ya Red Cloud

Ikiwezekana, Jumamosi moja kabla au baada ya hafla, wapeleke watu Red Cloud. Kutoka Lincoln ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari, kutoka Omaha zaidi ya saa tatu. Mji wenyewe una watu wapatao elfu moja, uko karibu na mpaka wa Kansas, na ndiko yaliko makao ya National Willa Cather Center, kituo kilichokua kutokana na jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1955 kwa juhudi za mwalimu Mildred Bennett na wenzake. Kila mwaka kituo hiki huandaa kongamano la wasomaji na watafiti. Weka nafasi ya matembezi mapema, na uulize ni majengo gani yamefunguliwa siku hiyo, kwa kuwa baadhi hufungwa kwa ukarabati.

Mambo ya kutazama ni mengi, nami nitataja matatu. Jumba la opera la mwaka 1885, lililo ghorofa ya pili juu ya maduka, ndiko Cather alikotoa hotuba yake ya kuhitimu sekondari mwaka 1890, na lilifunguliwa tena mwaka 2003 baada ya kukarabatiwa. Nyumba ya utoto wake ina chumba kidogo cha darini chenye karatasi ya ukutani ya maua ya waridi, ambayo aliibandika mwenyewe baada ya kuipata kama ujira wa kazi ya duka la dawa. Na kusini mwa mji iko Willa Cather Memorial Prairie, ekari 612 za nyasi ambazo hazijawahi kulimwa. Hapo ndipo pa kusoma ukurasa mmoja mkiwa mmesimama.

Tahadhari: vaeni suruali ndefu na viatu vilivyofungwa, kwa sababu nyasi zina kupe, na kagueni watoto kabla ya kupanda gari. Chukueni maji, kwani kwenye nyasi hakuna duka wala kivuli.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Fika saa moja kabla. Panga viti nusu duara, jaribu kipaza sauti kwa kusoma aya nzima badala ya kuhesabu “moja, mbili”, na weka kurasa za vifungu kwenye kila kiti ili wenye Kiingereza kigumu wafuate kwa macho. Salamu za viongozi zisizidi dakika tano kwa jumla. Waeleze hivyo kwa heshima siku moja kabla, si jukwaani.

Matatizo ya kawaida na jinsi ya kuyatatua

*Wengi hawakusoma kitabu.* Tarajia hivyo. Vifungu vinavyojitegemea vimechaguliwa kwa ajili yao. Kila kifungu kitanguliwe na maelezo ya sentensi tatu, kisha mara moja kisomwe.

*Wamefika watu wachache.* Ondoa kipaza sauti, kaeni kuzunguka meza moja na mpeane kitabu mkono kwa mkono, kila mtu aya moja. Vikao vingi vilivyo bora huenda hivyo.

*Mtu mmoja anatawala mazungumzo.* Msimamizi amshukuru mzee au ndugu huyo kwa jina, kisha aseme, “Tusikie sasa kutoka upande ule,” na amtazame mtu mahususi. Swali lililoelekezwa kwa wote litarudi kwa yule yule.

*Mtu anauliza kuhusu maisha ya faragha ya mwandishi.* Jibu kwa yanayojulikana: Cather hakuolewa, aliishi na mhariri Edith Lewis kuanzia takriban mwaka 1908 hadi kifo chake, na wote wawili wamezikwa Jaffrey, New Hampshire. Alikataza barua zake kuchapishwa, na mkusanyiko wake ulitoka mwaka 2013. Baada ya hapo rudi kitabuni.

*Vijana wanasema mwandishi huyu hawahusu.* Waonyeshe picha ya sanamu yake iliyowekwa katika jengo la Bunge la Marekani mwaka 2023. Mchongaji wake, Littleton Alston wa Omaha, ndiye msanii wa kwanza Mweusi wa Marekani kuwa na kazi katika mkusanyiko wa sanamu wa bunge hilo. Kisha mpe mmoja wao kifungu cha uyoga akisome.

*Upepo unaharibu usomaji wa nje.* Prairi haikosi upepo. Bana kurasa kwenye ubao mgumu, funika kipaza sauti kwa sponji, na msomaji ageuke upepo uwe mgongoni kwake huku wasikilizaji wakiwa mbele yake, ili sauti ichukuliwe kuwafikia.